Mtawa Aliyekunywa Maji Bila Kuchuja

Inasimuliwa, na wasimulizi wake ni wafanyabiashara wa hariri waliokipokea kisa hiki kwa wenyeji wa huko, nasi tukakipokea kwao pamoja na chumvi waliyokitia njiani, kwamba katika nchi ya Uchina, zama za kale, palikuwa na mji mdogo uitwao Liuqiao, chini kabisa ya milima.

Ndugu zangu waumini, najua mtashangaa. Mmezoea niwasimulie habari za waja wema wa Basra na Hadhramaut, na leo nawapeleka kwa watawa wenye vipara wanaofuata mafundisho ya Budha. Msinitolee macho. Sikuwaletea kisa hiki ili mkanyoe vichwa. Wazee wetu walituambia elimu tuifuate hata Uchina, na wengi wetu tuliposikia hivyo tulichoka kabla hatujavuka mtaa wa pili. Basi leo nimewafupishia safari.

Watawa hao walikuwa na mambo yao. Waliishi milimani katika nyumba za ibada, hawakuoa, hawakula chochote baada ya adhuhuri, na hawakuua hata mdudu. Juu ya hayo yote walijifunza kupigana kwa fimbo ndefu, kwa sababu njia za milimani zilijaa wanyang'anyi na msafiri maskini hakuwa na mtu wa kumlinda. Utauliza, mtu asiyeua mdudu atapiganaje na mnyang'anyi? Hata watu wa Liuqiao walijiuliza hivyo hivyo, wala hawakupata jibu mpaka siku ninayotaka kuwasimulia.

Mkuu wa mji huo aliitwa Tong. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye haraka ya kuamua na haraka zaidi ya kujuta. Mama yake, Bibi Luo, alikuwa na umri wa miaka themanini na mbili, na alikuwa na nadhiri. Mumewe alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, aliapa kwamba atavuka mlima kwa miguu na kufukiza ubani katika hekalu lililoko upande wa pili. Kila mwaka mwanawe alimwambia, "Mama, mwakani." Mwaka huo bibi akasema, "Mwanangu, mwakani nitakuwa na safari nyingine, na hiyo haihitaji ruhusa yako." Tong akanywea. Wakajiandikisha mahujaji arobaini, wengi wao wakongwe na wajane, kila mmoja na kifurushi chake cha sadaka.

Lakini mlimani kulikuwa na mnyang'anyi aitwaye Guo, mwenye watu kumi na wanane, naye hakuwahi kumwacha msafiri apite na nguo zake, na baadhi hawakupita na roho zao. Kwa hiyo Tong akapeleka barua kwa nyumba tatu za watawa, akiomba apewe mtawa mpiganaji mmoja wa kuwasindikiza mahujaji.

Habari za barua hizo zikamfikia Guo. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Wanatafuta mchungaji wa kondoo? Basi nitakwenda mwenyewe." Akanyoa kichwa, akavaa joho la rangi ya majivu alilomvua mtawa mmoja zamani, akachukua fimbo nzuri yenye pete za shaba, akawaambia watu wake wamngoje nyuma ya miamba kwenye njia nyembamba ya mlimani. Akashuka Liuqiao asubuhi, akajiita Mtawa Changle.

Na kwa kweli alikuwa hodari. Katikati ya uwanja wa soko alizungusha fimbo mpaka haikuonekana, akaruka meza mbili za muuza maharage, akavunja tofali kwa kiganja. Watu wakashangilia, watoto wakaanza kuvunja matofali ya majirani. Tong akafurahi akasema, "Huyu ndiye! Mama, funga mzigo!"

Kabla mzigo haujafungwa, akaingia mtawa wa pili.

Huyu aliitwa Puren, na ndiye aliyetumwa kweli na mojawapo ya zile nyumba tatu. Alikuwa mfupi, mkavu, ana tope mpaka mapajani. Njiani alikuta mkokoteni wa mkulima umezama kwenye matope, akausukuma mpaka ukatoka, naye akabaki ndani. Barua ya mkuu wake aliyokuwa ameitia kifuani ilirowa, wino ukakimbia, muhuri ukageuka doa jekundu. Saa ya kula ilikuwa imempita akisukuma, akaja mbio njia yote juani, hana chakula tumboni wala tone la maji kooni. Akamkabidhi Tong ile karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, nayo ikachanika katikati.

Guo, mjanja yule, hakungoja. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Jihadharini! Njiani nimesikia kwamba Guo mnyang'anyi amenyoa kichwa na kuvaa joho ili awahadae. Nadhani nyote mnamwona."

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Tong akageuka kwa Puren, jasho linamtoka. "Wewe! Unasemaje? Mmoja wenu ni Guo. Ni wewe au ni yeye?"

Puren akafikiri, kisha akasema, "Bwana Mkuu, najua kwamba siye mimi. Ndugu huyu simfahamu, basi siwezi kumsema kwa nisilolijua. Huenda Guo bado hajafika."

Watu wengine wakacheka. Tazameni adabu hiyo, ndugu zangu. Mtu amesingiziwa ujambazi hadharani, na bado anamdhania mwenzake wema. Sisi tukikosewa salamu tu njiani, tunafika nyumbani tumeshamtoa mtu katika dini.

Tong akasema, "Basi piganeni, atakayeshinda ndiye wa kweli."

"Mimi niko tayari," akasema Guo, na pete za shaba zikalia.

Puren akatikisa kichwa. "Naomba radhi. Fimbo hii nilipewa ya kumlinda mtu. Hapa hakuna aliyeguswa."

"Mwoga!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na wengine wakaunga mkono.

Hapo Bibi Luo akamvuta mwanawe sikio, ndiyo, sikio, mbele ya raia wake, akamnong'oneza. "Acha mambo ya majogoo. Nilipokuwa msichana watawa walilala kwa baba yangu. Mtawa wa kweli hatembei bila kitambaa cha kuchujia maji, na hanywi kabla hajayachuja, asije akameza kiumbe hai. Waletee maji wote wawili, kisha tazama."

Tong akaona ni rai njema. Yakaletwa mabakuli mawili ya maji ya kisima, baridi, yametoka kuchotwa sasa hivi.

Ilikuwa rai njema kweli, ila ilikuwa na tundu moja. Guo aliwahi kukaa siku nne katika jiko la watawa akijifanya mgonjwa, akila bure na kulala, na alichokiona huko ni namna wanavyochuja maji. Akachomoa kitambaa cha hariri kutoka kwenye mkono wa joho, akaomba bakuli tupu, akakitandika juu yake, akamimina pole pole kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kisha akakipeleka kitambaa kisimani, akakisuuza humo ili vijidudu virudi kwao. Wanawake wawili wakatokwa na machozi.

Na Puren? Puren alipopewa bakuli alilishika kwa mikono miwili, akayanywa maji yote kwa mkupuo mmoja mpaka likabaki kavu.

Tong akasema, "Mfungeni."

Wakamjia na kamba. Puren alikuwa bado amelitazama bakuli tupu, na waliokuwa karibu walisema uso wake uliiva kwa haya. Kwa miaka kumi na tisa, tangu alipovaa joho, hakuwahi kunywa maji bila kuyachuja, na kitambaa kilikuwa pale pale kiunoni mwake.

Sasa ngojeni hapa kidogo. Hesabuni wenyewe udhuru aliokuwa nao. Angeweza kusema, "Nilidhani mmeshayachuja." Angeweza kusema, "Kisima chenu ni safi." Angeweza kuonyesha kitambaa na kusema, "Kiu ilinizidi, nami nimefanya mema tangu alfajiri." Kila neno kati ya hayo lilikuwa na ukweli ndani yake, na shingo yake ilihitaji hata moja tu, kwa sababu hukumu ya mnyang'anyi katika mji ule ilikuwa kifo. Na si shingo yake peke yake. Akifungwa yeye, mahujaji arobaini wangepanda mlimani wakiongozwa na Guo.

Hakusema hata moja. Mkono mmoja ulikuwa umeshatiwa kamba aliposema, "Bwana Mkuu, nifungeni, lakini naomba kwanza nafasi ndogo. Nimevunja kanuni. Kwetu sisi, kosa husemwa mbele ya mtawa mwenzio mara tu linapojulikana, lisilale na mtu."

Tong akasema, "Mtawa mwenzio yuko wapi hapa?"

"Huyu hapa," akasema Puren, akamwonyesha Guo.

"Huyo ndiye anayekushtaki!"

"Amevaa joho, na amechuja maji. Leo amenizidi."

Bibi Luo akasema, "Mfungueni huo mkono."

Basi Puren akaenda mbele ya Guo, akafunua bega lake la kulia kama desturi yao, akapiga magoti vumbini, akaviunganisha viganja. Akasema kwa sauti wazi, "Ndugu yangu mheshimiwa, mimi Puren nimekunywa maji bila kuyachuja, kwa sababu ya kiu na kughafilika. Huenda nimeangamiza viumbe. Silifichi. Nalikiri mbele yako." Kisha akainamisha kichwa, akangoja.

Guo alifurahi mno. Akanyoosha mkono kwa umati. "Mmesikia! Amekiri kwa kinywa chake! Mchukueni!"

Lakini Puren alibaki pale pale. "Ndugu," akasema kwa upole, "bado hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Lile la kuulizwa."

Guo akakuna kipara. Lazima mjue, ndugu zangu, kwamba watawa hao hukutana mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, husomewa kanuni, na mwenye kosa hulisema. Anayelipokea humuuliza maneno maalumu, na mwenye kosa hujibu maneno maalumu. Hakuna mtawa asiyeyajua, hata yule aliyenyolewa mwezi uliopita. Guo katika siku zake nne jikoni hakukuta mwandamo wala mwezi mpevu. Alikuta wali tu.

Akajaribu. "Ee... maji yalikuwa matamu?"

Muuza maharage akapaliwa na kicheko.

"Si hilo, ndugu," akasema Puren.

"Kiu imekwisha?"

Sasa uwanja mzima ulikuwa unacheka, na Tong alikuwa ameshika tumbo bila kujua kama acheke au alie. Puren peke yake hakucheka. Alidhani mwenzake ameona haya mbele ya watu, akamsaidia kwa kunong'ona kama mwanachuo anayemkumbusha mwenzake aya. "Sema: 'Je, unaliona kosa?'"

Guo akasema, "Je, unaliona kosa?" Na wapokezi wote wa kisa hiki wamekubaliana kwamba alipoyatamka maneno hayo sauti yake ilipungua.

"Ninaliona," akajibu Puren. Akangoja tena. "Na sasa lile la mwisho, ndugu."

Guo hakulijua. Akatazama kulia na kushoto, akaona nyuso zimeacha kucheka. Bibi Luo akasema, "Mwanangu Tong, umewahi kuona mpishi asiyejua chumvi? Huyu ni mtawa gani asiyejua kuungama?"

Guo aliona mambo yameharibika. Akainua fimbo yake ya pete za shaba, akaizungusha kwa nguvu zake zote ili ajifungulie njia ya kukimbia, na aliyesimama katika njia hiyo alikuwa Bibi Luo na mkongojo wake.

Hapa wapokezi wamehitilafiana. Muuza maharage alishikilia mpaka kufa kwake kwamba Puren aliruka kutoka magotini. Mjane mmoja alisema hakuruka, bali alibingiria. Tong mwenyewe alisema hakuona kitu, alikuwa amefumba macho. Linalojulikana ni kwamba pigo lilitua kwenye mkono wa Puren na halikumfikia bibi, kwamba fimbo ya Guo ilikuwa mkononi mwa Puren kabla pete hazijaacha kulia, na kwamba Guo alikuwa kwenye hodhi la kunyweshea nyumbu, miguu juu, kipara chini. Lilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Furaha iliyolipuka hapo haina mfano! Watu walikumbatiana, nyumbu walikimbia, Bibi Luo akapiga kigelegele alichokuwa amekiweka tangu arusi yake. Lakini nyuma ya furaha ikaja hasira. Walikuwapo watu waliofiwa mlimani, wakaokota mawe. Guo alipoinuka hodhini, maji yanamtoka masikioni, alikuta mawe yameinuliwa pande zote, na mbele yake amesimama yule mfupi ambaye yeye Guo alitaka auawe kwa uongo wake, amempa mgongo, fimbo imelazwa kati yake na umati.

"Ondoka, mtawa!" wakapiga kelele. "Huyo ni Guo!"

"Najua sasa," akasema Puren. "Nimewaambia fimbo hii ni ya kumlinda mtu. Nitazameni. Hapa uwanjani kuna mnyonge kumzidi huyu?"

Mawe yakabaki mikononi. Hakuna aliyerusha, ingawa hakuna aliyelitua jiwe lake chini.

Puren akageuka, akampa Guo mkono uliovimba, akamvuta nje ya hodhi. Kisha, na hili ndilo linalonichekesha na kuniliza kila ninapolisimulia, akamwambia, "Ndugu, tulikuwa hatujamaliza. Palibaki lile neno la mwisho."

Hata sasa! Mkono umevimba, mji umechafuka, na yeye bado ana kosa lake la bakuli la maji, anataka kulitua.

Guo akamtazama. Alikuwa amesikia watu wakimwomba roho zao na hakutikisika, lakini hakuwahi kukutana na mtu anayelihofia kosa lake dogo kuliko anavyoihofia fimbo ya mnyang'anyi. Akapiga magoti palepale matopeni, joho la wizi limemgandama, akaviunganisha viganja vibaya vibaya, kama alivyoona.

"Niulize mimi," akasema.

Puren akauliza, "Je, unaliona kosa?"

"Ninaliona," akasema Guo. "Ninayaona. Ni mengi. Watu wangu kumi na wanane wako nyuma ya miamba, wanawangoja hawa vikongwe. Wengine niliowaua siwajui hata majina." Akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Puren akasema lile neno la mwisho, ambalo ni hili: "Basi jilinde siku zijazo."

Na mawe yakaanguka chini moja moja, mengine kwa hasira, lakini yakaanguka.

Tong akamwachilia Guo kwa dhamana ya Puren, na siku ya tatu yake mahujaji arobaini walipanda mlima. Kwenye njia nyembamba wale kumi na wanane waliruka kutoka nyuma ya miamba na mapanga yao, wakamwona mkubwa wao anakuja mbele, hana silaha, amembeba mgongoni ajuza wa miaka themanini na mbili aliyeapa kuvuka kwa miguu na ambaye alikuwa akiwaeleza wote kwamba nadhiri haikutaja miguu ni ya nani. Nyuma yake anakuja mtawa mfupi mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Guo akawaambia, "Wekeni mapanga, shikeni mizigo ya hawa wazee." Wakatazamana. Kisha mmoja akaweka, na wengine wakafuata. Inasemekana ndiyo hija ya kwanza katika mlima ule iliyokuwa na wapagazi wengi hivyo, na hekaluni ubani wa Bibi Luo ulifukizwa mpaka watu wakakohoa.

Ndugu zangu, watu wa Liuqiao walitafuta alama ya mtawa mpiganaji wa kweli. Wakaitafuta kwenye tofali lililovunjika, haikuwako. Wakaitafuta kwenye maji yaliyochujwa vizuri, na mwizi akawapita. Alama ilikuwa kwa yule aliyekosea. Ibada za nje zinaweza kuigwa, na mwigaji hodari huzifanya kutushinda. Lakini kusema "nimekosa" wakati neno hilo linaweza kukugharimu shingo, na kumwambia hasimu wako tena, hilo sijapata kuona mtu akiliiga. Adui wa kwanza wa Puren alikuwa nafsi yake, na alipokwisha kumshinda huyo, Guo na pete zake za shaba walikuwa kazi nyepesi.

Nami ninayewaandikia haya ni hodari wa udhuru. Juzi tu nilimvunjia mke wangu chungu, nikamsingizia paka. Nikiweka kalamu hii chini nitakwenda jikoni, na Mwenyezi Mungu anipe ulimi wa Puren kabla sijafika mlangoni.